Mbuzi Nyuma ya Mlango

Nilipofika dakani nilipiga hodi. Najua mlango wa makumbusho ni wa tiketi, lakini mtu aliyelelewa Mkomani, hapa Lamu, haingii nyumba ya watu kimya. Kijana aliyekuwa zamu akaitikia, "Karibu, bi mkubwa," akainuka kunipokea, na moyo wangu ukatulia. Mjukuu wangu, mtoto wa Mombasa, wa miaka 12, alikuwa keshajiketia barazani kana kwamba hajawahi kukaa pengine.

Hii ndiyo nyumba iitwayo Nyumba ya Kiswahili, ndani ya mji wa kale wa Lamu. Ni ya karne ya 18, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliikarabati ili watu waone tulivyokuwa tukiishi. Ukiwa na haraka, robo saa inakutosha. Mimi niliingia saa tatu asubuhi nikatoka kwa adhana ya adhuhuri, maana karibu kila kilichomo nilikwisha kukishika kwa mikono yangu.

"Bibi, mbona vyumba vyembamba hivi?" Nikamwonyesha dari. Boriti ya mkoko haibebi zaidi ya mita 3 hivi, basi fundi akitaka chumba kikubwa hukirefusha, hawezi kukipanua. Ndiyo maana misana, vyumba hivyo virefu, imelala kama mashua ndefu, mmoja nyuma ya mwengine, na kila ukiingia ndani zaidi, mgeni anabaki nyuma. Mwisho kabisa ni chumba kiitwacho nyumba kati. Mama yangu alizaliwa kwenye nyumba kati ya kwetu. Bibi yangu aliyemzaa alioshwa mumo humo siku aliyofariki, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na ubani unanichoma macho.

Kiwandani, yaani uani, pana kisima, na kutoka kisimani mfereji mrefu wa mti unapeleka maji mpaka pa kuogea. Kwetu ulikuwepo kama huo, na utotoni kazi yake ilikuwa yangu. Mjomba akiingia kuoga, mimi nateka, namimina, naye anapaza sauti kule ndani: "Tia, mwanangu, tia!" Siku moja nikasikia punda wawili wanapigana kichochoroni, nikatupa ndoo nikakimbia kutazama. Mjomba akabaki na povu la sabuni machoni, akiniita kwa jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Na birikani walikuwamo samaki wadogo, waliotiwa wale viluwiluwi vya mbu. Mmoja mnene tulimwita Nahodha. Alipokufa tulimzika chini ya mwasumini.

Jikoni ndiko nilikoketi sana. Pana vinu, mtungi wa maji ya kunywa, na mashine ya tambi. Mashine ile mjukuu wangu aliizunguka bila kujua ni ya nini; mimi niliisikia. Usiku wa kuamkia Idi nyumba nzima ilikuwa haina sauti nyingine ila mkono wake unavyolia, na wanawake wanacheka, na iliki inanukia mpaka njiani. Leo jiko lile linanukia chokaa tu.

Na mbuzi alikuwepo, yule wa kukunia nazi. Nimemkalia miaka mingapi! Unaketi upande, goti pamoja na goti, unashika kifuu kwa mikono miwili, unakizungusha juu ya meno ya chuma kidogo kidogo. Ukigandamiza sana unakuna na kifuu chenyewe, tui linakuwa na weusi. Kisha kifumbu: tui zito kwanza, halafu la pili, na chicha kwa kuku. Bibi alikuwa akinijua kwa mlio. Akiwa juu husema, "Hiyo imekwisha nyama, chukua nyengine," na hakukosea.

Alasiri tulipita njia ya Usita wa Mui kuona posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa Novemba 1888 na kufungwa 1891. Mtoto aliipenda. Mimi miguu ilikuwa imechoka, na mawazo yalikuwa bado jikoni.

Nyumba yetu nayo ipo, hatua chache tu kutoka pale. Tulirithi wengi, wengine Mombasa, wengine Oman. Paa linavuja, chokaa ni ghali, mafundi wake wanazidi kwisha. Tukauza. Mnunuzi ameitengeneza vizuri, siwezi kumsema vibaya, ila kiwandani amechimba bwawa la kuogelea. Mji wenyewe umo katika urithi wa dunia tangu 2001, nami nafurahi, na bado nikipita mlango ule naangalia upande wa pili.

Tulilala kwa binamu yangu, mtaa wa Langoni. Jioni alikuwa akitia nazi kwenye mashine ya umeme, stima ikapotea. Akacheka, akaingiza mkono nyuma ya mlango wa jiko, akatoa mbuzi aliyekunjwa, meno yameshika kutu kidogo. Akamfuta kwa kanga.

Mjukuu wangu akamnyang'anya. Kule makumbusho alikuwa amenyoosha mkono amguse, nikamzuia.

"Bibi, nikae vipi?"

"Upande," nikamwambia. "Magoti pamoja. Hivyo. Sasa kuna taratibu, nisikie."