Karatasi mbili za ekografi, ini moja

GOMA – Karatasi ya kwanza ilisema ini lina makovu na kivimbe kidogo cha milimita 8. Ya pili, iliyotoka kwenye chumba kingine cha ekografi juma tano baadaye, ilisema ini liko sawa na hakuna kivimbe. Zote mbili zilikuwa na muhuri na sahihi ya muganga. Na zote mbili zilikuwa za mtu mmoja: mzee wa miaka 58, mhami wa vita kutoka Masisi, anayeishi sasa kwa binti yake katika mtaa wa Ndosho.

Mzee huyu alifika Goma mwaka 2023. Alilala chini ya shitingi kwenye kambi ya Bulengo. Kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, watu wengi walirudi vijijini. Yeye hakuweza. Tumbo lilikuwa limejaa maji, miguu imevimba, na nyumba yake kule Masisi haikuwa tena na mlango. Binti yake, anayeuza makala kando ya barabara, akampa chumba kimoja kati ya viwili alivyo navyo.

Majirani walikuwa tayari na jina la ugonjwa: karuho. Hapa Kivu, tumbo la mtu likivimba na mwili ukikonda, watu wanataja sumu kabla ya kutaja hospitali. Baba mdogo alitaka mzee apelekwe kwa muganga wa kienyeji ili atapishwe. Binti akakataa, akampeleka hospitali. Kipimo cha damu kilionyesha hepatiti B, na muganga akasema ini limefikia sirozi.

Neno hilo liliwaumiza, kwa sababu wengi wanaamini sirozi ni ya walevi tu. Mzee ni mtu wa kanisa, hajawahi kuonja kanyanga. Ni kweli pombe inaharibu ini. Lakini virusi vya hepatiti B navyo vinaliharibu, na vinaweza kukaa ndani ya mwili miaka 20 au 30 bila mtu kujisikia mgonjwa. Mara nyingi vinaingia utotoni, toka kwa mama wakati wa kuzaa, au kati ya watoto wadogo wanaocheza pamoja. Kila mara ini linapojeruhiwa linapona kwa kovu, mpaka makovu yanachukua nafasi ya nyama nzima. Damu inakosa njia nzuri ya kupita. Ndipo bandama linavimba, maji yanajaa tumboni, na mishipa ya njia ya chakula inafura mpaka inaweza kupasuka. Kumtapisha kwa nguvu mtu wa namna hiyo ni hatari kubwa.

Alipewa tenofoviri, kidonge kimoja kila siku, na dawa ya kupunguza maji. Akaambiwa aache makayabo na kupunguza chumvi kwenye sombe. Baada ya miezi minne, mkanda wake wa zamani ulifunga tena.

Muganga alimwambia pia afanye ekografi kila miezi sita. Mwenye sirozi anaweza kupata kansa ya ini, na ikionekana ingali ndogo kuna mengi zaidi ya kufanya. Hivyo ndivyo ilivyopatikana karatasi ya kwanza, yenye kile kivimbe cha milimita 8.

Familia ilikutana jioni hiyo hiyo. Hakuna aliyetamka neno kansa, lakini mazungumzo yalifika mbali: je, mzee akifa, azikwe Goma au asafirishwe Masisi, na ni barabara gani inayopitika? Waliongea kwa sauti ya chini. Nyumba ni ya mbao. Mzee alikuwa upande wa pili wa ubao, na alisikia yote.

Binti hakulala. Kulipokucha alimpigia kaka yake aliyeko Kampala. Benki za Goma zilikuwa zimefungwa tangu mwisho wa Januari 2025, kwa hiyo kaka akatuma pesa kwa simu, na mzee akapelekwa kwenye ekografi nyingine. Karatasi ya kwanza waliiacha nyumbani makusudi. Binti aliwaza: muganga akiiona atanakili tu, asipoiona atasema ukweli wake mwenyewe. Watu wengi wanafanya vile.

Karatasi ya pili ikasema ini liko sawa. Siku hiyo walikula kuku. Mzee aliimba, jambo ambalo hajafanya tangu kutoka Masisi. Na kimya kimya akaweka vidonge vyake juu ya kabati. Kama ini liko sawa, dawa ni ya nini tena? Siku 19 zilipita bila kumeza hata kimoja. Binti hakujua.

Siku ya miadi, binti alikwenda na karatasi zote mbili kwenye mfuko wa plastiki, akiogopa kugombezwa kwa kwenda kwingine. Muganga hakugomba. Alizilaza juu ya meza, moja pembeni ya nyingine, na hakuuliza nani amedanganya. Aliuliza mambo mengine.

– Mzee, siku ya ekografi ya pili ulikuwa umekula?

Alikuwa amekula bugali na maharagi, na kunywa soda njiani.

– Na mliwaambia mnatafuta nini?

Walisema tumbo linauma. Hakuna aliyetaja sirozi wala hepatiti B.

– Waliona karatasi ya kwanza?

Binti akatazama chini.

Muganga akawaeleza. Ekografi si kama picha ya simu, ambayo kila mtu akiitazama anaona kitu kile kile. Mashine inatuma sauti ambazo sikio halisikii, sauti zinagonga ndani ya mwili na kurudi, na mkono wa muganga ndio unaochagua mahali pa kutazama. Gesi iliyo tumboni baada ya kula na kunywa soda inazuia sauti zisipite. Mashine ya zamani inaona kidogo kuliko mpya. Ini lenye sirozi lenyewe limejaa mabonge madogo, hivyo kutafuta kivimbe cha milimita 8 humo ni kama kutafuta jiwe moja kwenye lava ya Nyiragongo. Na anayeambiwa tumbo linauma, anatafuta kinacholeta maumivu. Anayeambiwa sirozi, anapita polepole kila upande wa ini.

Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa karatasi ya kwanza, na mstari mwingine wa karatasi ya pili. Hakuna mtu nyumbani aliyekuwa ameisoma. Ya kwanza: bandama, sentimita 15. Ya pili: bandama, sentimita 14 na nusu. Kwa kawaida bandama la mtu mzima halipiti sentimita 12 au 13. Karatasi zile mbili zilizogombanisha nyumba nzima zilikuwa zinakubaliana: damu haipiti vizuri kwenye ini. Kipimo cha damu nacho kilisema hivyo. Plaketi, zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 84,000, wakati kawaida zinaanzia 150,000. Bandama lililovimba linazifungia ndani.

Kwa hiyo sirozi ilikuwa haijaondoka. Maneno "ini liko sawa" yalikuwa ya mtu mmoja, siku moja, kwa mashine moja. Na kile kivimbe? Hapo muganga alisema wazi kwamba hawezi kutoa jibu siku ile. Kitu kisichofika sentimita moja ni kidogo mno kukipa jina, hata kwa skaneri. Kinafuatiliwa. Ekografi irudiwe baada ya miezi mitatu, mahali pale pale pa kwanza. Kikifika sentimita moja au kupita, ndipo watafute skaneri yenye dawa ya kuchomwa kwenye mshipa, hata kama ni kuvuka mpaka. Kuna pia kipimo cha damu kinachoitwa alfafetoproteini, ila hakitoshi peke yake: kinaweza kuwa cha kawaida na kansa ipo, au kupanda kwa sababu ya hepatiti tu.

Wakati wa kuagana, muganga akauliza kama dawa zimebaki za kutosha. Mzee akajibu kwamba zimebaki nyingi. Binti akageuka kumtazama. Ndipo mzee alipokiri.

Hapo tu ndipo sura ya muganga ilipobadilika. Kivimbe cha milimita 8 kinaweza kungoja miezi mitatu, lakini tenofoviri haingoji. Mgonjwa wa hepatiti B akiacha dawa ghafla, virusi vinaweza kuamka kwa nguvu, na ini lenye sirozi halina akiba ya kupigana navyo. Watu wanakufa hivyo. Damu ilichukuliwa siku ile ile. Vipimo vya ini vilikuwa vimeanza kupanda, si sana. Mzee alimeza kidonge mbele ya wote, kwa maji ya chupa ya binti yake.

Sasa familia hii ina utaratibu. Karatasi zote za ekografi na za damu ziko kwenye bahasha moja, kwa kufuatana na tarehe, na bahasha inaenda popote mzee anapopimwa. Kwenye karatasi ya kuomba kipimo wanadai iandikwe: sirozi, hepatiti B, tunafuatilia kivimbe. Mzee hali chochote kwa saa sita au zaidi kabla ya ekografi. Majibu yakigongana, wanaanza kwa kutafuta yanapokubaliana: bandama, maji tumboni, plaketi. Na hakuna dawa inayoanzwa au kuachwa kwa sababu ya karatasi moja kabla ya muganga anayemfuata mzee kuisoma.

Hayo yanawafaa pia wale wanaovuka kwenda Rwanda au Uganda kupimwa ugumu wa ini kwa mashine inayotoa namba. Namba hiyo nayo inapanda mtu akiwa amekula, au ini likiwa limewaka kwa hepatiti. Anayepata 19 mwezi huu na 13 mwezi ujao asifikiri amepona sirozi, wala anayeona namba imepanda asianze kuaga watu. Aulize kwanza kama alipimwa bila kula, na vipimo vya damu vilikuwaje siku ile.

Kuna dalili ambazo hazingoji karatasi yoyote: kutapika damu, choo cheusi kama lami, macho kuwa manjano, homa pamoja na maumivu kwenye tumbo lenye maji, au mtu kuanza kuchanganyikiwa na kulala mchana kutwa. Hapo ni hospitali, usiku au mchana. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa bila swali kwenye parmasi za mtaani, si za mwenye sirozi.

Watoto wa binti wamekwisha kupimwa pia, na binti mwenyewe. Mmoja kati ya watatu ana virusi. Ana miaka tisa, anacheza mpira, ini lake bado zima, na anafuatiliwa.

Miezi mitatu ilipofika, mzee alirudi kwenye chumba kile cha kwanza, tumbo tupu, bahasha mkononi. Muganga wa ekografi alisoma karatasi zote mbili kabla ya kuwasha mashine. Alikaa muda mrefu. Akakipata kivimbe: milimita 8, hakijakua. Hakusema ni kizuri, hakusema ni kibaya. Alisema warudi tena baada ya miezi mitatu.

Baba mdogo, aliyekuwa akingoja nje, aliuliza sasa wamwambie nini mtu akiuliza. Mzee akamjibu kwamba aseme anatibiwa. Binti ameandika tarehe ya kurudi kwa makala kwenye ubao, upande wa chumba cha baba yake, ambako mzee anaiona akiamka kumeza kidonge.