Pwani Iliyo Mlimani

Mji wa Arusha uko mbali na bahari. Mkazi wake akitaka kuona maji yakipwa na kujaa hana budi kusafiri hadi Tanga, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Walakini upande wa mashariki wa Mlima Meru, mahali pasipofika safari ya saa mbili kwa gari kutoka mjini, yako maji mengine yasiyonyweka, yenye ufuko wa matope, povu jeupe ukingoni, na ndege wembamba wa miguu mirefu wakikimbia mbele ya viwimbi. Hayo ni maziwa ya Momella. Kwa hesabu ya kawaida ni saba: Momella Kubwa, Momella Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia. Yako juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,400, na bado ndege huyatumia kama pwani. Mwenye kupenda kujifunza habari za ndege aweza kuishi Arusha maisha yake yote asione haja ya kuihusudu Tanga.

Maziwa hayo ni watoto wa msiba. Zamani Meru ulikuwa mlima mzima, umekamilika pande zote. Takriban miaka 7,800 iliyopita, kwa makadirio ya wataalamu wa miamba, ubavu wake wa mashariki ulibomoka, ukaporomoka pamoja na mawe, majivu na matope, ukaifunika nchi ya chini kwa kifusi. Maji yakatuama katika mabonde yaliyo kati ya vilima vya kifusi hicho. Kwa kuwa jua huyapunguza maji na magadi hubaki, maziwa yakawa makali. Mlima wenyewe, ambao hata baada ya hasara ile una urefu wa zaidi ya mita 4,500, ulitoa moto kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Ukali wa maji haukuishia ziwani. Visima na vijito vingi vya upande ule vina floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi ni ushahidi usiohitaji maelezo. Lakini kinachomdhuru mmoja humlisha mwingine. Katika maji ya magadi huota viumbe vidogo mno vya rangi ya kijani, visivyoonekana kwa jicho ila vikiwa vingi hata kuyageuza maji rangi. Na hivyo ndivyo chakula cha heroe mdogo, ambaye wengi siku hizi humwita flamingo. Heroe huinamisha kichwa, akaupindua mdomo wake juu chini, akayachuja maji. Wekundu wa manyoya yake hutoka katika chakula hicho.

Mtazamaji wa ndege wa Momella huanza kazi yake jua lisijapata nguvu. Asubuhi ya mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka msituni ukakaa juu ya maji, na vidole huwa vizito kushika kalamu. Vyombo vyake ni vichache: darubini, daftari, na kalamu ya risasi, maana wino ukipata umande hutawanyika. Hatembei peke yake. Nyati hulala vichakani karibu na maji, na kwa hiyo askari wa hifadhi mwenye bunduki hufuatana naye. Watu wawili hao hukaa saa nyingi bila maneno mengi, mmoja akiangalia majini, mwenziwe akiangalia vichaka. Msomaji asidhani kwamba kazi ya askari ni ndogo. Bila jicho lake la nyuma, jicho la mbele lisingetulia.

Kuhesabu ndege elfu si kama kuhesabu magunia ghalani. Magunia hungoja. Ndege hutembea, huchanganyika, huficha vichwa, na tai akipita wote huruka kwa pamoja hesabu ikavurugika. Kwa sababu hiyo mtazamaji huhesabu kumi kwanza, mmoja mmoja. Akisha kujua kumi hujaza nafasi gani katika kioo cha darubini, hupima mia kwa nafasi hiyo, kisha hupima kundi zima kwa mia. Halafu huhamia upande wa pili akarudia. Hesabu mbili zikiachana sana, hana ruhusa ya kuchagua ile impendezayo, huanza tena. Vibisi wazamiao huhesabiwa kwa subira zaidi, kwa kuwa aliye juu ya maji sasa aweza kuwa yule yule aliyezama punde. Bata bukini hawana taabu, ni wakubwa na wenye kelele. Vitwitwi ndio mtihani.

Iko siku ambayo ziwa ni tupu. Siku hiyo mgeni aliyekuja kwa picha huona amepoteza nauli yake. Mtazamaji huandika tarehe, saa, jina la ziwa, na sifuri. Sifuri hiyo ni hesabu kamili kama elfu kumi. Asiyeiandika huwaachia watakaokuja baadaye ukurasa ambao hawawezi kujua kama ndege hawakuwapo au mtu ndiye hakuwapo. Katika elimu yote ya ndege hakuna adabu iliyo ngumu kuliko hii, maana humtaka mtu aheshimu kile ambacho hakumfurahisha.

Kazi ya namna hii ina wazee wake. Mwaka 1901 Johannes Thienemann alifungua kituo cha kuchunguza ndege katika kijiji cha Rossitten, juu ya ulimi mwembamba wa mchanga katika pwani ya Bahari ya Baltic. Kijiji hicho sasa kimo katika Urusi na huitwa Rybachy. Miaka miwili baadaye wakaanza kuwavisha ndege pete za chuma zenye namba, mbinu aliyokuwa ameianzisha Mdenishi Hans Christian Mortensen mwaka 1899. Makorongo weupe waliovishwa pete kaskazini wakaja kuonekana Afrika. Kabla ya hapo, baadhi ya wenye elimu wa Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu hulala majira ya baridi ndani ya matope chini ya maji. Shaka juu ya makorongo ilikuwa imetikiswa mapema zaidi. Mwaka 1822 korongo mmoja aliuawa karibu na Klütz, Ujerumani, akakutwa na mshale mrefu wa Kiafrika umepita shingoni mwake. Alikuwa ameruka nao safari nzima. Mwili wake ulikaushwa, na ungali unahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mtu aliyeurusha mshale ule hajulikani jina wala kabila. Alitafuta kitoweo, akapeleka barua kwa wataalamu ambao hakuwajua, nao wakaisoma.

Kisa hicho chafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki. Chaonyesha kwamba nchi hizi zilikuwamo katika elimu ya ndege tangu mwanzo, ila zilikuwamo bila jina. Baadaye kazi ilihamia kwenye ardhi yenyewe. Kule Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya, ndege wapitao usiku huvutwa na taa wakati wa ukungu, na tangu mwaka 1969 wamekuwa wakinaswa kwa nyavu, wakavishwa pete, wakaachiliwa. Huko Watamu, kando ya ghuba ya Mida, kiko kituo cha Mwamba ambapo ndege wa pwani hufanyiwa vivyo hivyo. Momella haina nyumba ya namna hiyo. Ni sehemu ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, ikaongezewa mlima na kuitwa Arusha mwaka 1967. Mwaka huo huo wa 1967 ndipo ilipoanza sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, ambayo hufanywa kila Januari. Anayehesabu Momella mwezi huo anahesabu pamoja na watu wa nchi nyingi, kila mmoja kando ya maji yake.

Faida ya hesabu huonekana siku ya matata. Mwaka 2004 heroe wengi walikufa katika ziwa Manyara na katika Momella Kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyachunguza maji, wakaeleza kwamba huenda sababu ilikuwa sumu ya baadhi ya vile viumbe vidogo vya majini vilivyozidi kuongezeka. Chakula na sumu vilitoka katika chungu kimoja. Nani angeweza kusema ni hasara kiasi gani, kama hakuna aliyejua walikuwapo wangapi kabla?

Tena heroe wa Momella si mali ya Momella. Katika Afrika ya Mashariki yote, mahali pake pa kutegemewa pa kutagia ni pamoja tu, ziwa Natron, kaskazini-magharibi ya Meru, chini ya Oldoinyo Lengai. Huko dume na jike hujenga kichuguu cha tope katikati ya magadi, likatagwa yai moja tu. Mwaka 2001 Natron iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye thamani. Miaka michache baadaye likatokea shauri la kujenga kiwanda kikubwa cha magadi ziwani humo, pakawa na mjadala mkali, na mwaka 2008 kampuni ya kigeni iliyohusika ikajitoa. Waliotaka kazi na mapato hawakuwa wabaya, wala waliowatetea ndege hawakuwa maadui wa maskini. Lakini jambo moja lilidhihirika: ziwa moja likiharibika, maziwa mengine yote yatabaki na uzuri wa kuazima. Mlinzi wa Momella aweza kuilinda Momella kwa uaminifu wote, na bado akaamka siku moja akakuta heroe hawaji.

Limebaki jambo la lugha, nalo si dogo. Kiswahili kililelewa pwani, na kwa hiyo kina majina mengi ya ndege wa maji: mwari, mnandi, sululu, chokowe, shakwe, kwarara, furukombe, yangeyange. Mswahili wa Tanga akisimama ukingoni mwa Momella hatakuwa bubu. Hata hivyo kitwitwi humwita kila ndege mdogo akimbiaye ukingoni, na ndani ya jina hilo moja mmefichwa ndege wengi mbalimbali. Mmoja wao, mwenye uzito usiozidi sana gramu 25, huzaliwa karibu na bahari ya barafu ya kaskazini, akaja kula Momella wakati kwao kumeganda. Fomu ya sensa humtaka atajwe peke yake. Mhesabu huzungumza na askari kwa Kiswahili, kisha akainama na kuandika Kiingereza.

Msituni hali ni ngumu zaidi. Wanafunzi wa shule waletwapo kuona hifadhi, hutokea ndege wa kijani akafunua mbawa nyekundu kama damu, na mtoto huuliza:

“Mwalimu, yule anaitwa nani?”

“Ni ndege wa msituni.”

Mtoto ameona tayari kwamba ni ndege, na kwamba yumo msituni. Huenda jina limo katika kamusi; halimo kinywani. Huenda limo vinywani mwa wazee wa Kimeru na wa Kiarusha, ambao waliwajua ndege hao kabla hifadhi haijawa na mipaka. Lakini hakuna aliyewauliza, na wazee hawangoji kama magunia. Mjomba huyafahamu majina thelathini, mpwa wake saba, na mtoto wa mpwa huyo atasema “ndege” tu.

Kisichotajwa huhesabiwa kwa shida, na kisichohesabiwa hakina wakili siku ya shauri. Mtu aweza kulilia kupotea kwa heroe kwa sababu ana jina na ana rangi. Ndege mdogo wa kahawia asiye na jina hupotea bila msiba. Basi kazi iliyo mbele ya wasomi wa Kiswahili pale Arusha ni ya mikono miwili: mmoja ushike darubini ya Januari, wa pili ushike daftari la majina, uende kwa wazee wa Meru kuandika kila jina pamoja na sauti, makao na tabia ya mwenye jina. Kazi yenyewe haihitaji jengo wala fedha nyingi. Yahitaji watu wanaoweza kuvumilia baridi ya alfajiri, kukubali kusahihishwa na mzee asiyesoma, na kuandika sifuri kwa hati ile ile waliyoandikia elfu.