Somo Lisilotahiniwa: Miaka ya Kufundisha Muziki Koboko na Arua

Mtoto wa Uganda anayemaliza shule ya msingi hutahiniwa Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii, basi. Na mtu achaguaye kuwa mwalimu wa muziki katika shule hizo huwa amechagua, tangu siku ya kwanza, kufundisha somo ambalo hakuna karatasi ya mwisho wa mwaka itakayolishuhudia. Kazi hiyo nimeifanya Koboko, kisha Arua, tangu ujana wangu hata nikafikia umri wa kustaafu, na maadamu vijana watokao vyuoni huniuliza kila mara ni kitu gani kilichonidumisha ndani yake, nimeona ni wajibu wangu kueleza jinsi nilivyolikuta somo hilo, jinsi lilivyogeuka mbele ya macho yangu, na mahali lilipo leo.

Kiswahili na muziki vyote viwili nilivipata kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la wakati wa ukoloni, katika kikosi cha nne kule Jinja, ambako watu wa mkoa wetu wa West Nile walikuwa wengi, na amri, soga na hata vilio vya msiba vilipita kwa Kiswahili. Aliporudi Koboko alirudi na tarumbeta fupi ya shaba isiyo na vifungo, na kwa sauti zile chache itoazo alitufundisha sisi wanawe kutambua mwito wa kuamka, mwito wa chakula na mwito wa jua kuchwa. Sikujua wakati huo kuwa nilikuwa nikifundishwa masikio. Nilidhani nafundishwa utii.

Mwaka 1980, baada ya utawala wa Amin kuanguka na vita kurudi kwetu kwa namna nyingine, jamaa zetu walivuka mpaka kwa maelfu, wengine kwenda Sudan na wengine Zaire, na sisi tukaangukia upande wa Aru, huko Zaire. Miaka ya ukimbizi haina haja ya kusimuliwa kwa urefu hapa, ila jambo moja ni la somo hili: katika makanisa ya udongo ya wakimbizi hapakuwa na vitabu wala kinanda, walakini palikuwa na kwaya, tena kwaya zenye sauti nne zilizonyooka, zikiimba Kilugbara, Kikakwa, Kilingala na Kiswahili katika ibada moja. Huko ndiko nilikoamua kazi yangu. Tuliporejea baada ya 1986 niliingia chuo cha ualimu.

Chuoni tulifundishwa solfa, ile njia ya kuandika sauti kwa herufi aliyoieneza John Curwen Uingereza katika karne ya kumi na tisa, ambayo wamishonari waliileta Afrika kwa sababu haihitaji karatasi yenye mistari wala ala yoyote. Ni njia nzuri, na hata leo naitetea mbele ya wale waionao kuwa imepitwa na wakati. Kwa ubao, chaki na uma wa sauti mwalimu aliweza kuwaingiza watoto mia katika sauti tatu kabla ya kengele kulia. Tukaambiwa pia, kwa fahari iliyotustahili, kwamba wimbo wa taifa ambao kila mtoto wa Uganda huuimba akiwa wima ulitungwa mwaka 1962 na George Wilberforce Kakoma, naye alikuwa mwalimu wa muziki.

Nikapangiwa shule moja ya msingi katika Koboko. Madirisha hayakuwa na vioo, madawati yalikuwa machache, na umeme haukuwako; mkoa wetu wote ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Muziki ulikuwa umeandikwa katika ratiba, lakini aghalabu kipindi chake kilichukuliwa na hesabu au sayansi, hasa katika darasa la saba, na mwalimu wa muziki alikumbukwa majuma mawili kabla ya mashindano ya shule, alipoitwa ghafla ili atoe wimbo uliopangwa, wimbo wa asili, ngoma na utungo mpya, vyote kwa pamoja, na watoto wakaimba mpaka koo zikawakauka. Ikiwa shule ilishinda, mwalimu alipongezwa mbele ya wazazi. Ikiwa haikushinda, alinyamaziwa mpaka mwaka mwingine. Siyadharau mashindano hayo. Kwa miaka mingi ndiyo yaliyouweka muziki hai katika shule zetu, kutoka wilaya hadi mkoa hadi taifa, na bila hayo huenda somo lenyewe lingefutika. Lakini mtoto afundishwaye majuma mawili kwa mwaka hujifunza nyimbo mbili, hajifunzi muziki.

Kilichonitoa katika hali hiyo ni adungu. Hiki ni kinubi cha upinde cha ndugu zetu Waalur, walio kusini yetu upande wa Nebbi, na zamani kilikuwa ala ya mtu mmoja aliyeketi na kuimba kwa sauti ya chini, akikipakata mapajani. Kisha ala hiyo ikaingia katika kwaya za makanisa, hasa za Kikatoliki baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua milango kwa lugha na ala za wenyeji, na mafundi wakaanza kuziunda kwa ukubwa mbalimbali, ndogo ya lahani, za kati za kuitikia, na kubwa ya besi ambayo mpigaji wake husimama, hata zikawa jamaa kamili. Mimi nilimwendea fundi mmoja Mualur, mzee aliyehamia karibu na Arua, nikaketi naye kila nilipopata nafasi. Alichimba gogo kwa tezo mpaka likawa kama mtumbwi mdogo, akalifunika kwa ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa, akaivuta na kuifunga kwa kamba za ngozi hiyo hiyo, akaiacha ikauke kivulini na si juani, kwa maana jua huipasua. Ndipo akachomeka shingo iliyopinda, akaitoboa, akatia vigingi, na kuanzia hapo akafunga nyuzi. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya wanyama. Yeye alitumia nailoni ya wavuvi.

Nikamwambia, "Mzee wangu, nyuzi hizi nataka zifuate do, re, mi za shuleni, ili watoto waimbe nazo."

Akanijibu, "Zitafuata, Mwalimu. Ila watoto wasikie kwanza zilivyokuwa kabla hujazigeuza."

Akanipigia kwa ngazi ya sauti tano, kama alivyopokea kwa babaye, na kwa hakika ilikuwa sauti nyingine kabisa, yenye nafasi na huzuni ambayo ngazi ya sauti saba haina. Tangu hapo katika kila shule niliyofundisha nilitenga adungu moja isiyogeuzwa. Sina shaka kwamba kuzifunga nyuzi kwa ngazi ya saba kulituletea faida kubwa, kwani adungu sasa husimama pamoja na kwaya, hupiga tenzi na nyimbo za sikukuu, na haidai umeme wala fundi kutoka Kampala. Lakini faida hiyo ililipiwa, na mwalimu anayo amana ya kuwaonyesha watoto thamani ya kile kilicholipwa.

Jambo la pili nililofunzwa na mahali penyewe ni la lugha. Kilugbara na Kikakwa, tofauti na Kiswahili, ni lugha za toni: neno moja kwa herufi zilezile, sauti ikipanda huwa na maana hii, ikishuka huwa na maana nyingine. Wamishonari wa Africa Inland Mission waliofika Arua mwaka 1918, na mapadre wa Comboni pia, walitupa tenzi zilizofasiriwa kwa lugha zetu lakini zikaachwa juu ya lahani za Ulaya, na kwa hiyo mara nyingi lahani hupanda pale ambapo neno linataka kushuka, na mzee asiyeujua wimbo huo kwa moyo humuuliza jirani yake ni kitu gani kinachoimbwa. Nilipotakiwa kutunga wimbo mpya kwa ajili ya mashindano, niliwaambia watoto waseme sentensi polepole, waiseme tena, kisha waivumishe kwa midomo iliyofumbwa bila maneno. Na mvumo huo ndio nilioandika ubaoni kwa solfa. Lahani ilikuwa imekwisha kutungwa na ulimi wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuipa mwendo, kuiongezea sauti ya pili iliyokwenda sambamba nayo ili isivunje maana, na kujua mahali pa kukoma. Katika yote niliyoyatenda darasani, hili ndilo ninaloliona kuwa bora, na ningependa vyuo vilifundishe kabla ya jambo jingine lolote.

Agwara, yale mabaragumu marefu yapulizwayo ubavuni, nayo yaliingia uwanjani mwa shule baada ya kuzoewa katika arusi na misiba. Kila baragumu hutoa sauti moja tu, na wimbo haupatikani mpaka kila mpulizaji atie sauti yake mahali pake. Sijapata njia iliyo bora zaidi ya kumfundisha mtoto mwenye haraka kusikiliza wenzake. Na wenzake hao hawakuwa wa nyumbani tu, kwa maana Koboko ni mahali ambapo nchi tatu hukutana, hapo Salia Musala, na tangu kambi ya Lobule ipokee wakimbizi kutoka Kongo, ile Zaire ya zamani, darasa langu lilipata tena watoto walioimba Kiswahili na Kilingala, kama sisi tulivyoimba kwao zamani.

Kuhusu riziki nitasema kwa ufupi. Mshahara wa mwalimu wa msingi haukutosha, na elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997 madarasa yalifurika hata uma wa sauti haukusikika nyuma ya chumba. Nilifundisha kwaya za kanisa, nilipiga arusini, nililima muhogo na ufuta. Shule zilipofungwa Machi 2020 hata Januari 2022, wenzangu wengi waliacha kazi moja kwa moja. Nami nilikuwa karibu na kustaafu wakati walimu wa sanaa walipogoma Juni 2022, kwa kuwa mishahara ya walimu wa sayansi ilipandishwa na yao ikaachwa. Hoja ya kwamba nchi inahitaji sayansi naielewa na naikubali. Hoja ya kwamba kwa hiyo asiyefundisha sayansi astahili kupungukiwa, hiyo siikubali hata sasa.

Walakini mambo yamesogea. Tangu 2007 watoto wa madarasa matatu ya mwanzo hufundishwa kwa lugha ya mama, na nyimbo zimo katika somo lao la kila siku. Na mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umezitambua sanaa za maonyesho kuwa somo la kuchaguliwa. Kijana anayeanza leo ana msingi ambao sisi hatukuupata.

Kwa hiyo ombi langu nawaelekezea walimu wakuu wa Arua na Koboko. Kipindi cha muziki kilichoandikwa katika ratiba kiachwe kwa muziki, tangu muhula wa kwanza, pasipo kungoja mashindano. Na shule iliyopata fedha kidogo, kabla ya kununua kinanda cha umeme, iagize seti ya adungu kwa mafundi wa hapa hapa na wa Nebbi, kwa sababu mafundi hao ni wazee, na vijana hawatashika tezo kwa kazi isiyo na wanunuzi.