Mzigo wa Mashine Hodari

Katika juma la kuingiza matokeo ya muhula, mfumo wetu wa mitihani ulisimama saa nne asubuhi. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nafundisha utawala wa umma. Lakini nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya TEHAMA ya kitivo (wadhifa ambao kwetu hupewa yule asiyehudhuria kikao cha uteuzi), hivyo niliitwa kwenye chumba cha seva ili nikawaeleze wakubwa jambo ambalo mimi mwenyewe sikulielewa.

Tulikuwa na mashine nne za kuhifadhia data zilizounganishwa kwa mtandao, kila moja ikiwa na diski za SSD. Fundi wetu, kijana wa ajira ya mkataba, alinifungulia jedwali kwenye skrini.

“Dokta, tazama safu hii ya mwisho.”

Ilikuwa ni asilimia ya uchakavu, ambayo diski hizi hujihesabia zenyewe. Mashine ya pili, ya tatu na ya nne zilikuwa chini ya 25. Ya kwanza ilikuwa imepita 100. Hesabu hiyo inaweza kuvuka mia, kwa sababu hupima umri uliokadiriwa na mtengenezaji, wala si kifo chenyewe. Nikamuuliza kwa nini iwe hiyo peke yake.

“Ndiyo inayojibu haraka kuliko wenzake. Mfumo ulipangwa umpe kazi anayejibu haraka.”

Nilicheka, ingawa hapakuwa na la kuchekesha. Kila mtumishi wa umma anayesoma hapa anamjua mtu huyo katika ofisi yake: faili likiletwa asubuhi kwake, mchana limekwisha, na malipo yake ni kuletewa la pili.

Fundi alinieleza, nami naeleza kama nilivyoelewa. Kumbukumbu ya flashi huhifadhi data kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya seli ndogo mno. Kusoma hakuichoshi sana. Kinachoichosha ni kuandika na kufuta, maana kila mzunguko hudhoofisha utando unaoizuia chaji isivuje. Seli inayobeba biti moja huweza kustahimili mizunguko takriban 100,000. Zile za biti tatu, zilizojaa madukani leo, huhimili elfu chache tu, na za biti nne hupungukiwa zaidi. Tena flashi huandika kwa ukurasa lakini hufuta kwa bloku nzima yenye kurasa nyingi, kwa hiyo badiliko dogo la alama ya mwanafunzi mmoja laweza kuzaa kazi kubwa kuliko lenyewe. Ndani ya diski moja ipo programu ya kusambaza uchakavu baina ya seli. Baina ya mashine na mashine, hilo lilikuwa jukumu letu, nasi hatukuwa tumelifikiria.

Suluhisho langu lilikuwa la papo hapo: gawa sawa kwa sawa. Nilikulia katika lugha ya usawa, na nilidhani nimefika nyumbani. Nikaagiza data yote ihamishwe mpaka mashine zote ziwe na uchakavu unaolingana.

Kijana yule alinyamaza kwanza, kama wanyamazavyo vijana mbele ya mwenye shahada nyingi. Kisha akasema, “Samahani, Dokta. Kuhamisha nako ni kuandika.” Kila tunachokitoa hapa na kukiweka pale kingetafuna umri wa pale. Mageuzi ya jumla yangechakaza mashine tatu nzima ili kuifariji moja. Alichopendekeza ni kuhamisha kile tu kinachobadilika kila saa, yaani alama, mahudhurio na kumbukumbu za kuingia kwenye mfumo. Diski za mashine ya kwanza zilizokuwa bado zinafanya kazi zingebaki na matokeo ya miaka iliyopita, ambayo husomwa tu. Nakala yake lazima iwepo kwingine, kwa kuwa seli iliyochakaa huvujisha chaji mapema. Niliwakumbuka wazee wetu wa idara, ambao tunawapangia darasa la wanafunzi mia nne ilhali wanachoweza kutupa kuliko yeyote ni kumbukumbu ya maamuzi yaliyopita.

Hoja yake ya pili ndiyo iliyoniondolea usingizi. Diski zetu zote zilinunuliwa siku moja, kwa zabuni moja, katika juma la mwisho la Juni, fedha zilipokuwa karibu kurudishwa Hazina. Tukizisawazisha kikamilifu, zitazeeka pamoja. Mfumo wetu huvumilia kifo cha mashine moja, kwa sababu data yake hukokotolewa upya kutoka kwa zilizobaki. Zikifa mbili kwa pamoja, hakuna wa kumkokotolea mwenzake, na ukokotoaji wenyewe huzielemea zilizobaki wakati ambapo nazo zimechoka. Mwaka 2010 watafiti wa Microsoft Research, akiwamo Mahesh Balakrishnan, walichapisha pendekezo waliloliita Diff-RAID, lenye kubebesha diski kongwe sehemu kubwa zaidi ya data ya ukokotoaji, ambayo huandikwa mara kwa mara, ili itangulie kuchakaa na kubadilishwa kwa ratiba wakati nyingine zikiwa bado changa. Kwa maneno mengine, walileta ukosefu wa usawa kwa makusudi.

Nilisoma makala hiyo kwa shida, huku nikiwaza juu ya idara zetu. Huajiri kwa mkupuo kibali kinapotoka, kisha hukaa miaka bila kuajiri, na hatimaye huwaaga wastaafu wake kwa mkupuo, katika sherehe moja, kwa keki moja.

Sasa mfumo wetu husoma uchakavu kila usiku na kuelekeza maandishi mapya kwa namna ambayo mashine zinaachana umri. Tumeomba kununua diski mbili kila mwaka. Ofisi ya ununuzi imerudisha ombi na swali lililoandikwa kwa kalamu nyekundu: kwa nini msinunue nane kwa pamoja mpate punguzo? Swali si la kijinga, na punguzo ni la kweli. Ninaandaa jibu la kurasa mbili.

Jedwali la uchakavu wa diski hunijia kila Jumatatu. Lililoletwa juma lililopita lilitumwa saa tisa usiku, na yule kijana, ambaye ndiye anayejibu haraka kuliko mafundi wetu wote, bado yumo katika mkataba wa miezi sita. Ombi la kumwajiri mwenzake nimeliambatanisha na lile la diski.