Mchezo wa Kuandika Majina ya Avenyu Zetu



Mara nyingi tunalalamika kwamba telefoni inakula wakati wa watoto na pesa ya mega. Ni kweli. Lakini kuna mchezo mmoja wa telefoni ambao mimi nimeupenda, na faida yake haibaki ndani ya telefoni. Ni mchezo wa kujaza ramani.

Kuna ramani ya dunia inayoitwa OpenStreetMap. Ilianza Uingereza mwaka 2004. Watu wa kawaida ndio wanaoichora, na yeyote anaweza kuitumia bure. Kwa telefoni za Android kuna programu inayoitwa StreetComplete. Ukitembea, inakuonyesha alama kwenye ramani, na kila alama ni swali. Avenyu hii inaitwaje? Ni ya lami ao ya udongo? Jengo hili lina orofa ngapi? Ukijibu, alama inatoweka, na unapata nyota moja. Unaweza kupakua ramani ya kartie yako mara moja, ukatembea bila intaneti, kisha ukatuma majibu baadaye. Kwa hiyo haili mega nyingi.

Kwa nini inavuta hivyo? Tazameni wasichana wakicheza nzango kwenye uwanja wa masomo. Kengele imelia, nao bado wanaomba, «Mara moja tu, mwalimu!» Kila mruko una jibu lake papo hapo, na kila mtu anaona nani anaongoza. Nyota nazo ziko hivyo. Swali ni dogo, jibu unalo, na alama moja iliyobaki kwenye avenyu inakusumbua kama sahani moja chafu iliyobaki kwenye beseni. Nikitoka sokoni, mara nyingine ninapita njia ndefu ili niondoe alama tatu tu.

Siku moja huko Kikula, mama mmoja muuza makala aliniuliza, «Mwalimu, unaandika nini? Munakuja kubomoa nyumba zetu?» Nikamweleza. Akauliza tena, «Na hizo nyota, wanakulipa?» Nikasema hapana. Akacheka: «Basi ni kazi ya bure, sawa na ile ya nyumbani.»

Swali lake lina uzito. Sisi wamama tunafanya kazi ya bure ya kutosha. Kwa nini tuongeze ingine?

Jibu langu linatoka Lubumbashi. Mwaka 2014, Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, pamoja na kundi la wachora ramani, walianzisha kazi inayoitwa Missing Maps, na Lubumbashi ulikuwa kati ya miji ya kwanza kuchorwa. Sababu ni magonjwa kama kipindupindu. Mgonjwa anafika, anasema anakaa karibu na kichuguu, nyuma ya kisima. Kama ramani haina avenyu, wauguzi hawawezi kujua wagonjwa wanatoka upande gani, wala kisima gani kitiwe dawa kwanza. Watu wa mbali, wengi wao hawajakanyaga Kongo, walichora barabara na nyumba wakitazama picha zilizopigwa kutoka angani. Kazi iligawanywa katika miraba midogo, na mraba ukimalizika unabadilika rangi. Nao pia walikuwa na mchezo wao.

Lakini picha ya angani haionyeshi jina. Ilibidi wanafunzi na wakaaji wa mji watembee kwa miguu, karatasi mkononi, wakiandika majina ya avenyu.

Hapo ndipo mama ana kazi ambayo mtu wa mbali haiwezi. Nyota zinahesabu sawasawa: moja kwa lami, moja kwa jina la avenyu. Hazijui lililo la lazima. Mama anayetuma mtoto maji ndiye anajua kisima gani kinakauka mwezi wa nane, na wapi gari la mgonjwa halipiti wakati wa mvua. Kwenye kalasi pia naona hivyo: mtoto anayetafuta pointi tu anabahatisha, anayetaka kujua anauliza. Kwenye ramani, anayebahatisha ili apate nyota anampeleka muuguzi kwenye avenyu isiyo yake.

Kwa hiyo, mukijaribu, shikeni mambo haya. Usipojua jibu, acha swali; programu inakuruhusu. Usiandike jina la mtu wala nani anakaa wapi. Tembeeni wawili, mchana, na muwaeleze majirani kabla hawajauliza.

Na kwa makundi yetu nina ombi moja. Siku ya likelemba, kabla ya kuhesabu pesa, kila mama ataje jina la avenyu yake na kisima anachochota maji. Mmoja mwenye telefoni ya Android aandike. Likasi, Kikula, Panda, Shituru: kila komini ina njia ambazo sisi wenyewe tu tunazijua. Tukiziandika sasa, siku ugonjwa utakapofika wauguzi hawatapoteza wakati wakiuliza kichuguu kiko wapi.