Panya wa Marekani na mkono wa Mama

Jamani, nimepotea wiki tatu hizi. Nilikuwa Morogoro namuuguza Mama. Sasa hajambo, anakula, na juzi kanikosoa Kiswahili kwenye simu, kwa hiyo najua amepona. Lakini nimerudi Dar na kitu rohoni, na nimeona nikiandike kabla sijapata kisingizio cha kukisahau. Makala yangu mwenyewe nusura imuue mama yangu.

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ana baridi yabisi kwa zaidi ya miaka kumi. Sisemi yale maumivu ya magoti ya uzeeni ambayo kila mtu mtaani huyaita baridi. Yake ni ile ambayo kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe na kuushambulia. Vidole vya mikono yote miwili vinavimba, na asubuhi anaamka mkono umekaza, hawezi hata kufunga kifungo cha blauzi. Huyu ni mtu ambaye mwandiko wake wa ubaoni wazazi walikuwa wakiusifia. Mwaka wake wa mwisho kazini alikuwa akiomba mwanafunzi amwandikie.

Mwezi uliopita aliteleza uani, akajikinga kwa kiganja, mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mkono. Ni mvunjiko wa kawaida kabisa kwa kina mama wa umri wake. Daktari mmoja wa Dublin, Abraham Colles, aliueleza mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa, kwa kutazama umbo la mkono na kuupapasa tu. Mama akafungwa POP, akapewa diklofenaki kwa ajili ya maumivu, akarudishwa nyumbani.

Hapo ndipo makala yangu inapoingia. Mwaka jana niliandika kwenye ukurasa wa afya wa gazeti letu habari yenye kichwa "Dawa za maumivu zazuia mfupa kuunga". Kichwa hicho sikutungiwa na mhariri, nilikitunga mwenyewe na nikajisifu. Mama huzikata makala zangu zote na kuzitunza kwenye boksi la viatu. Aliporudi na POP yake alilifungua lile boksi.

Niwaambie nilichokuwa nimesoma, maana si kwamba nilitunga. Mfupa ukivunjika, damu huganda pale, panavimba, panapata moto. Tunauona uvimbe ule kama adui, kumbe ndani yake ndimo seli za kujenga mfupa mpya zinamoitwa kazini. Kwanza hujengwa kitu laini kama gegedu, kisha kinakomaa kuwa mfupa. Katika uvimbe huo kuna kemikali zinazoitwa prostaglandini. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili usizitengeneze, na mwaka 1982 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Diklofenaki na ibuprofeni hupita njia hiyo hiyo, zinakibana kimeng'enya kinachozitengeneza. Sasa swali linakuja lenyewe: ukiuzima moto, huwazimi na mafundi? Mwaka 2002 timu za watafiti Marekani zilichapisha majibu ya kutisha. Panya waliopewa dawa za jamii hii, na panya waliozaliwa bila kimeng'enya hicho, mifupa yao iliunga vibaya au haikuunga kabisa.

Kisha nikakutana na kisa cha Scott Reuben, daktari wa nusukaputi wa Massachusetts. Miaka mingi alikuwa akichapisha tafiti zinazozisifu dawa hizi, mojawapo ikisema kwamba hazizuii mifupa ya uti wa mgongo kuungana baada ya upasuaji. Mwaka 2009 ikafichuka kwamba makala zake zisizopungua 21 zilikuwa na data za kubuni. Wagonjwa wengine hawakuwahi kuwepo! Mwaka 2010 akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Mwandishi gani wa habari hapendi kisa kama hicho? Nikaona sasa nimeshika ukweli mkononi. Aliyesema ni salama alikuwa mwongo, basi zina madhara. Nilikuwa na shahada na miaka mitatu ya kazi, na sikuona pengo katika hoja hiyo. Uongo wa Reuben uliondoa ushahidi wake mezani, basi. Haukuwa ushahidi wa upande wa pili. Na panya nao wakabaki panya.

Mama akasoma, akaziweka diklofenaki kando. Angeishia hapo, angeumwa tu, naye kwa kuvumilia hajambo. Lakini kulikuwa na dawa nyingine ambayo mimi sikuijua, dada yangu hakuijua, na hata waliomfunga POP hawakuambiwa. Miaka mingi Mama alikuwa akinunua predinisoloni duka la dawa, bila cheti, anameza kila siku. Aliiita "vidonge vyangu vya maumivu". Na gazeti la mwanawe lilikuwa limesema dawa za maumivu zinazuia mfupa kuunga. Akaziacha zote siku moja.

Siku ya tano dada alinipigia usiku. Mama anatapika, hawezi kusimama, maneno yanamkwama. Nilipanda basi la kwanza alfajiri. Nilipofika wodini nilikuta daktari kijana, pengine tunalingana umri, anarudia swali lile lile: "Mama, kuna dawa yoyote ulikuwa unatumia ukaiacha?" Mama akamjibu kwa unyonge, "Za maumivu tu, baba." Dada akakumbuka mkoba. Ndani yake, chini ya kitambulisho na leso, kulikuwa na pakiti mbili.

Daktari alipoziona alibadilika uso. Alinieleza baadaye, dripu ya haidrokotisoni ikiwa imeshawekwa. Juu ya figo tuna tezi ndogo zinazotengeneza homoni ya jamii hii, ambayo mwili unaitegemea hasa unapoumia au kuugua. Ukimeza predinisoloni muda mrefu, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiacha ghafla haziamki haraka. Mama aliacha akiwa na mfupa uliovunjika, yaani wakati mwili unaihitaji kuliko siku zote. "Ingekuwa kesho..." akasema, hakuimalizia.

Kesho yake mchana Mama aliomba uji. Mimi nilikwenda nje nikakaa kwenye benchi la wasindikizaji.

Nilimuuliza kwa nini alituficha. Akasema, "Mwanangu, wewe hujawahi kuamka huwezi kushika kikombe. Siku ya tatu nilipomeza ile dawa, nilifua." Nikamwelewa, kwa sababu historia ya dawa hiyo imeanza vivyo hivyo. Philip Hench wa Mayo Clinic kule Minnesota aliona tangu mwaka 1929 kwamba wagonjwa wa baridi yabisi hupata nafuu wakipata homa ya manjano ya ini, na wengine wakiwa wajawazito. Akaamini mwili una kitu chake wenyewe kinachotuliza ugonjwa. Septemba 1948 yeye na wenzake walimchoma mwanamke wa miaka 29, aliyekuwa hajiwezi kitandani, sindano ya homoni iliyokuja kuitwa kotisoni. Siku chache baadaye alikuwa anatembea, na haikupita muda akatoka kwenda madukani. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Nobel. Madhara yalikuja kuonekana kadiri watu walivyoitumia: uso kuvimba, sukari kupanda, mifupa kudhoofika.

Hiyo mifupa ndiyo iliyonikalia kichwani. Mfupa hai unabomolewa na kujengwa kila siku, kuna seli zinazoula na seli zinazoujenga. Baridi yabisi yenyewe inawaamsha walaji. Predinisoloni inawalaza wajenzi, na hatari ya kuvunjika hupanda ndani ya miezi michache ya mwanzo. Kwa hiyo mkono wa Mama ulikuwa umeshaanza kuvunjika muda mrefu kabla ya utelezi wa uani. Kama ningeandika habari hiyo, ingekuwa habari yake. Mimi nikaandika ya panya.

Usiku wodini nilisoma upya, safari hii polepole. Zipo tafiti za watu zilizoona kwamba waliotumia dawa za maumivu ndio ambao mifupa yao ilichelewa. Lakini mtu ambaye mfupa wake hauungi ndiye anayeumwa zaidi, na anayeumwa zaidi ndiye anayemeza vidonge zaidi, sasa kipi kimeleta kipi? Njia ya kujua ni kuwagawa watu kwa bahati nasibu. Mwaka 2020 watafiti wa Denmark walichapisha utafiti wa aina hiyo, tena wa mvunjiko ule ule wa Mama. Kundi moja lilipewa ibuprofeni siku saba, jingine siku tatu, jingine vidonge visivyo na dawa ndani. Kwenye eksirei mifupa iliunga sawa. Ni utafiti mdogo na haumalizi mjadala, hasa kwa wanaomeza kwa miezi, lakini ulikuwa umeshatoka nilipoandika makala yangu. Sikuutafuta.

Wala sikuwa nahitaji kwenda Denmark. Hapa hapa Muhimbili, katika taasisi ya mifupa ya MOI, wagonjwa 240 waliovunjika muundi mfupa ukatokeza nje waligawanywa hivyo hivyo, wengine wakawekewa chuma ndani ya mfupa, wengine vyuma vya nje. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya uhakika katika vifo na kurudiwa upasuaji. Ofisi yetu na MOI ni safari ya daladala moja, na sikuwahi kuandika hata mstari.

Nilipomweleza mhariri alinipa nafasi ya masahihisho ukurasa wa sita, chini, maneno themanini. Nilimsomea Mama rasimu. Akauliza mbona sijaandika wazi kwamba predinisoloni haiachwi ghafla. Nikasema nafasi ni ndogo. Akasema, "Toa jina lako, pataenea." Nikalitoa.

Sasa anapunguziwa predinisoloni kidogo kidogo na daktari, na ameanzishiwa methotreksati, kidonge cha mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku, dada ameliandika hilo kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni. Jumanne anatolewa POP. Nimeomba ruhusa, nakwenda.