Mseto Usipotee

Wajukuu zangu,

Kabla sijaondoka nawaachia neno mlishike kuliko shamba na nyumba: mtoto akipata homa, mpimeni kwanza, akikutwa na malaria, amalize dozi.

Nilipoanza uuguzi Muheza, dawa ilikuwa klorokwini. Kila mwenye homa alipewa, awe na malaria au asiwe nayo, na wengi walijikuna usiku kucha. Ilituponya miaka mingi, mpaka vimelea vikaizoea. Mwaka 2001 Tanzania ikahamia dawa iitwayo SP. 2006 SP nayo ikapisha dawa mseto. Katika miaka ile tulizika watoto waliokuwa wameshameza dawa. Uchungu huo ndio unaonifanya niandike.

Sasa Rwanda, Uganda, na kwetu Tanzania, huko Karagwe, vimepatikana vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, dawa ya kwanza ndani ya mseto. Mseto bado unaponya, kwa kuwa ndani yake mna dawa ya pili inayomalizia vilivyobaki. Hiyo ya pili ikizoeleka nayo, tutakimbilia wapi?

Kipimo ni kitone cha damu ya kidole, matone ya maji yake, na kusubiri kama robo saa. Ukitokea mstari wa C peke yake, malaria haikuonekana. Hapo msimshikilie daktari aandike mseto. Mwombeni atafute homa inatoka wapi: kifuani, kwenye mkojo, masikioni. Mwenye nimonia akipewa mseto, anapotezewa siku ambazo hana.

Akiwa nayo, atameza mara 6 kwa siku 3, ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza. Apewe na maziwa au uji wa karanga, maana mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini. Siku ya pili mtoto huanza kucheza, na hapo ndipo vidonge vilivyobaki hufichwa kabatini vimngoje ndugu yake. Jamani, msifanye hivyo. Ndugu yake akiugua atapimwa, atapewa vyake.

Chanjo ya malaria nayo nimeiona, namshukuru Mungu. Ile iitwayo RTS,S ilianza kutolewa 2019 Malawi, Ghana na Kenya. R21, chanjo nyingine iliyojaribiwa hata Bagamoyo na Kilifi, WHO iliipendekeza 2023. Chanjo hupunguza malaria, haiifuti, kwa hiyo chandarua kisishushwe. Ikifika zahanati yenu, wapelekeni watoto dozi zote 4. Ya mwisho huja mtoto ameshatembea na kadi imeshasahaulika. Iandikeni tarehe yake ukutani.

Bibi yenu